Mshiko wa Penseli na Kipande cha Tyubu



Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya Darasa la Kwanza, katika shule mojawapo ya wilaya ya Ruangwa, tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha herufi. Somo lilikuwa limeandaliwa vyema. Chati zilikuwa safi, sauti ilisikika hadi nje, na maswali yaliulizwa kwa zamu. Hata hivyo, mstari wa tatu karibu na dirisha alikaa mtoto wa kiume ambaye alishika penseli kama mtu ashikavyo mchi wa kutwangia: ngumi imefumbwa, kidole gumba kimelala juu ya vidole vingine, na mkono wote ukienda na kurudi kutoka begani. Wenzake walipomaliza mistari minne, yeye alikuwa na mstari mmoja na nusu, na karatasi yake ilikuwa imetoboka mahali pawili. Mwanachuo alipita, akatazama daftari, akachomoa kalamu nyekundu na kuandika: "Mwandiko mbaya. Andika vizuri."

Mtoto yule hakuweza kusoma maneno hayo. Na kama angeweza, yangemsaidia nini? Hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha mkono wake ufanye nini. Tulipomwuliza kwa mdomo, alizijua herufi zote zilizokuwa ubaoni, tena alizitaja upesi kuliko wengi. Alichokosa ni njia ya kuzitoa kichwani na kuzifikisha karatasini.

Twaona kwamba jambo hili limepuuzwa sana katika mafunzo yetu. Twawafundisha ninyi kuandaa azimio la kazi, kuchora chati na kuuliza maswali. Mshiko wa penseli huguswa kwa dakika chache, kana kwamba mtoto huzaliwa nao. Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa madarasa ya mwanzo hana budi kuutazama mkono kabla ya kulitazama daftari, na kwamba kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kitu kinachotupwa kila siku mlangoni pa fundi, chaweza kumsaidia mtoto wa namna ile kuliko chati yoyote iliyopambwa. Lakini mpira huo una masharti yake, na mengi ya tutakayosema yanahusu masharti hayo.

Tuanze na mkono wenyewe. Mwaka 1956 mtaalamu wa Uingereza wa viungo vya mwili, John Napier, alieleza kwamba mkono wa binadamu hushika kwa namna kuu mbili. Namna ya kwanza ni ya nguvu, pale vidole na kiganja vinapokizunguka kitu na kukibana, kama tushikavyo mpini wa jembe, mchi au tawi la mwembe. Namna ya pili ni ya ustadi, pale kitu kinaposhikwa kwa ncha za vidole na gumba, kama tushikavyo sindano au punje. Mtoto wa kwetu hufika shuleni akiwa bingwa wa namna ya kwanza. Amekwisha kubeba ndoo, amelima na mama yake, ametwanga. Tukimpa penseli bila maelezo, huishika kwa namna anayoijua. Hapo hana ukaidi wala uzito wa akili. Anafanya kazi mpya kwa mshiko wa kazi ya zamani.

Hata hivyo tusiseme kwamba hana namna ya pili kabisa. Mtazameni mtoto huyo huyo wakati wa mavuno, anapokaa ukumbini na bibi yake wakipukuchua mbaazi, au anapotoa vijiwe katika ufuta uliomwagwa kwenye ungo. Gumba na kidole cha shahada vinakutana kwa ncha, vinachagua, vinaachia, vinachagua tena. Huo ndio mshiko tunaoutafuta! Mwalimu anayeijua hali ya watoto wake ataanzia hapo. Siku ya kwanza ya kuandika, kabla ya penseli, awape watoto punje za mahindi wazihamishe moja moja kutoka kifuu hadi kifuu kwa gumba na vidole viwili. Baadaye awaambie, "Sasa shika penseli kama ulivyoshika punje." Sentensi hiyo moja hufanya kazi ambayo maelezo marefu hayafanyi, kwa sababu yaegemea jambo ambalo mkono unalikumbuka. Maria Montessori, yule daktari wa Italia, alitumia mawazo ya jinsi hiyo alipotengeneza vipande vya mbao vya silinda vyenye vishikio vidogo juu yake: mtoto alidhani anacheza mchezo wa kupachika vipande matunduni, kumbe vidole vitatu vilikuwa vikiandaliwa kwa kalamu.

Sasa tuje kwenye mpira. Wazo la kuurekebisha mshiko kwa kifaa rahisi si letu peke yetu. Wanaojifunza mchezo wa gofu, ambao hapa Tanzania huchezwa katika viwanja vichache kama vile Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, wanacho kifaa cha bei nafuu cha jinsi hiyo. Ni mpira uliofinyangwa kwa umbo la vidole, ambao huvishwa kwenye fimbo ili anayejifunza aone kila kidole kikae wapi. Akikosea, mpira wenyewe humkataa. Anaweza kurudia mara mia nyumbani bila mwalimu kusimama karibu, na mkono wake ukazoea. Lakini sheria za mchezo huo hazikubali fimbo yenye mshikio uliofinyangwa kufuata umbo la mkono. Siku ya mashindano mchezaji hana budi kuwa na fimbo ya kawaida. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza anajua kwamba mpira ule ni wa kuvuliwa. Tungependa ninyi nanyi mlijue hilo tangu sasa, kabla hatujaeleza namna ya kuutengeneza.

Tafuteni tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Ioshwe kwa sabuni ndani na nje, kwa kuwa ndani ina unga na nje ina uchafu wa barabara, na tyubu isiyooshwa huacha weusi kwenye vidole na kwenye daftari. Kateni ukanda wenye upana wa kidole cha mwisho cha mtu mzima na urefu wa shubiri moja. Mzungushieni penseli ukanda huo kuanzia pale mbao iliyochongwa inapokomea, si chini ya hapo, mkiuvuta kidogo tu, na mwisho wake upenyezwe chini ya mzunguko wa mwisho, jinsi wavulana wafungavyo manati. Mpira ukishakaa, wekeni alama mbili za chaki juu yake, moja ya gumba na moja ya kidole cha shahada. Kidole cha kati hakihitaji alama, kwa kuwa penseli hulala juu ya ubavu wake karibu na ukucha.

Mpira huo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Huinenepesha penseli, hivyo mtoto hahitaji kuibana sana. Huzuia vidole visiteleze hadi kwenye ncha. Na kuteleza huko ndiko kunakomfanya mtoto abane zaidi, mpaka kucha zikawa nyeupe na karatasi ikatoboka. Tena humwonyesha mahali. Mtoto wa miaka sita hawezi kukumbuka maneno "shika mbele kidogo, si sana", lakini anaweza kukumbuka alama ya chaki.

Kuna watoto ambao mpira pekee hautawatosha. Gumba na shahada vinakaa mahali pake, lakini vidole viwili vya nje vinanyooka na kuingilia kazi, na mkono unakosa mahali pa kuegemea. Kwa hao kunjeni kipande kidogo cha kitambaa hadi kiwe kama punje ya njugumawe, mtoto akikumbatie kiganjani kwa kidole cha pete na cha mwisho wakati anapoandika. Vidole hivyo vikipewa kazi yao, huacha kuingilia kazi ya wenzao. Mara nyingi mwandiko hubadilika siku ile ile, na mtoto mwenyewe hushangaa.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipoanza kulijaribu jambo hili hatukutumia kitambaa. Tulikuwa katika msimu wa korosho, na katika wilaya hizi msimu huo korosho zimejaa kila ua. Tukasema: kwa nini tutafute mbali? Tukawapa watoto korosho ghafi, kila mmoja na yake, wazishike kiganjani. Kwa siku mbili mambo yalikwenda vizuri, nasi tukajisifu kwa kutumia mazingira. Siku ya tatu msichana mmoja aliipasua ya kwake kwa meno. Kila mkulima wa Nachingwea anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Sisi pia tulijua, ila tulilisahau kwa furaha ya kupata zana ya bure. Midomo ya mtoto yule ilivimba na kuchubuka, na kwa siku kadhaa hakuja shule. Mama yake alipotujia hakutugombeza. Alituuliza tu, "Walimu, nanyi hamlijui ganda?" Tangu siku hiyo twatumia kitambaa, wala haturuhusu mbegu wala kijiwe mkononi mwa mtoto mdogo bila mtu mzima kusimama karibu. Hata punje za mahindi tulizozitaja mwanzoni huhesabiwa zinapotolewa na huhesabiwa zinaporudishwa, kwa kuwa kitu kidogo huingia puani, sikioni au kooni kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni.

Twaeleza kosa hili kwa sababu tumezoea kuwaambia, "Tumieni vifaa vinavyopatikana katika mazingira," kisha twaishia hapo. Kupatikana si sifa pekee. Tumejaribu pia gunzi la mahindi. Ute wake wa katikati ni laini, penseli hupenya, na gunzi laweza kuchongwa pande tatu ili vidole vitatu vipate kila kimoja upande wake. Kwa macho ni zana nzuri kuliko mpira, na mkaguzi angeipenda. Lakini gunzi hukwaruza, huzunguka likikauka, na baada ya wiki moja huwa makombo. Udongo wa mfinyanzi nao hupasuka. Tumerudi kwenye tyubu, ingawa haipendezi kutazama.

Sasa tunakuja kwenye masharti, na la kwanza ni hili: si kila mtoto anahitaji mpira. Walimu wengi wa zamani, nasi tulifundishwa na baadhi yao, waliamini kwamba mshiko sahihi ni mmoja tu, na aliyeukiuka alipigwa rula vidoleni. Ujuzi wa leo hauungi mkono ukali huo. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Kanada kwa watoto wa darasa la nne. Watafiti walilinganisha mishiko minne: ule wa vidole vitatu tunaoufundisha, ule wa vidole vinne, na mingine miwili ambamo gumba huvuka juu ya penseli. Hawakuona tofauti ya maana katika kasi wala katika kusomeka kwa mwandiko. Kwa hiyo mtoto anayeshika kwa vidole vinne, lakini vidole vyake vinacheza, mkono hauumi na kazi inakwisha kwa wakati, aachwe. Mwalimu anayemfunga mpira mtoto huyo anatafuta ugonjwa kwa mzima.

Mtoto wa kusaidiwa mtamjua bila shida. Huandika kwa bega badala ya vidole. Husimama kila baada ya maneno mawili akipunga mkono. Nyuma ya karatasi yake ukipapasa kwa kidole utasikia herufi zimechomoza kama vipele. Aghalabu hujibu vizuri kwa mdomo na vibaya kwa maandishi, na hiyo ndiyo dalili tunayoomba muiogope kuliko zote, maana mtoto wa namna hiyo huitwa mzito. Jina hilo likimkaa, humfuata Darasa la Pili, humfuata hadi upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne, ambapo hakuna mtu wa kumwuliza kwa mdomo. Tumewaona vijana walioacha shule wakisema "kichwa changu hakishiki", na tulipowapa kalamu waandike majina yao tuliona ni mkono uliokuwa haushiki.

Kuhusu watoto wanaotumia mkono wa kushoto, tutasema waziwazi ingawa twajua baadhi ya wazazi hawatapenda. Ni kweli kwamba kwa mila zetu mkono wa kushoto haulii chakula wala haumpi mkubwa kitu. Adabu hiyo mtoto aifuate mezani na barazani. Penseli si chakula. Mtoto ambaye mkono wake wa kushoto ndio wenye ustadi asilazimishwe kuuhama. Mwekeeni mpira juu kidogo kuliko wenzake ili aone anachoandika, daftari lake liinamishwe upande wa kulia, na akae mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigombane na cha jirani. Mzazi akija kuuliza, mwelezeni kwa heshima tofauti kati ya kuandika na kula. Wengi huelewa wakiona daftari.

Sharti la pili ndilo gumu: kuuvua. Mpira ukikaa miezi, mkono haujifunzi chochote. Unaegemea tu, kama mgonjwa aliyepona akaendelea kushika mkongojo. Sisi twafanya hivi. Wiki ya kwanza mtoto anaandika na mpira kila kipindi cha kuandika. Wiki ya pili mstari wa kwanza wa kila siku huandikwa kwa penseli tupu yenye alama mbili za wino mahali pale pale palipokuwa na mpira, kisha mpira unarudishwa. Mistari mitupu inaongezwa kadiri tunavyoona vidole vinakaa vyenyewe. Kipimo chetu si mwandiko. Twampa mtoto penseli ghafla, akiwa anazungumza na mwenzake au anatoka mapumzikoni, na twatazama anavyoipokea. Akiishika vizuri bila kufikiri, mpira wake hupewa mtoto mwingine. Baadhi huvua baada ya wiki mbili. Wengine huchukua muhula mzima, na mmoja tuliyemfuatilia hakuuacha kamwe mshiko wake wa ngumi. Kwa huyo tuliridhika kumpa penseli nene na muda zaidi.

Mtasema: haya yote yanawezekanaje katika darasa lililojaa? Swali ni la haki. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wengi zaidi wameandikishwa, nasi tumefurahi, lakini mwalimu wa Darasa la Kwanza hajaongezewa mikono. Jibu letu ni kwamba mpira ulibuniwa kwa ajili ya darasa la namna hiyo hasa. Katika darasa dogo mwalimu angeweza kumshika kila mtoto mkono, kama mchongaji wa Kimakonde anavyomkalisha kijana kando yake akamwongoza tezo. Katika darasa kubwa hawezi, basi anaacha kitu kinachomkumbusha mtoto wakati yeye yuko upande wa pili wa chumba. Wala si lazima kuwahudumia wote kwa siku moja. Chagueni mstari mmoja wa madawati kwa kila kipindi cha kuandika. Siku hiyo msiyasahihishe madaftari ya mstari huo kabla ya kuitazama mikono yake. Kwa wiki moja au mbili mtakuwa mmeliona darasa zima, na mtakuta kwamba wanaohitaji mpira ni wachache kuliko mlivyohofu.

Kuna lawama nyingine tuliyoisikia kutoka kwa mwalimu mwenzetu, tena mtu mwenye moyo mwema. Alisema kwamba watoto wa mijini hununuliwa vishikio vya mpira vya rangi, vilivyotengenezwa kiwandani, na kwamba kuwapa wetu mabaki ya tyubu ni kuwafundisha umaskini. Sisi hatukubaliani naye. Kwanza, kidole hakioni rangi. Pili, sisi wa Nachingwea tungepaswa kuwa watu wa mwisho kustaajabia vifaa vya gharama. Katika ardhi hii hii, kuanzia mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilileta mradi wake wa karanga. Matrekta yaliletwa, mengine masalio ya vita, hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Mtwara na reli vikajengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30 za wakati ule. Mitambo ilikuwa mikubwa, lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza. Wakati huo wote wakulima wa Kimwera waliendelea kupanda karanga zao kwa jembe la mkono, wakijua mvua inaanza lini. Hatusemi jembe ni bora kuliko trekta. Twasema aliyeichunguza ardhi alivuna.

Tena, kuhusu umaskini, kuna jambo linalotufurahisha kila tunapochonga penseli. Ule utambi mweusi tulioambiwa utotoni kuwa ni risasi, si risasi hata kidogo. Ni madini ya kinywe. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alibuni mwaka 1795 njia ya kuyasaga, kuyachanganya na udongo na kuyachoma tanuruni, na penseli za leo bado hufuata njia hiyo. Na kinywe kimo ardhini wilayani Ruangwa, huko Matambarale na Chilalo, ambako wachimbaji wamekwisha kufika. Mwanachuo atakayefundisha vijiji vile awaambie watoto hivyo siku ya kwanza ya kuandika. Mtoto akijua kwamba kitu alichokishika kina ndugu yake chini ya shamba la babu yake, hukishika kwa namna nyingine.

Limebaki dogo kuhusu penseli yenyewe na kikao. Wazazi wengi huikata penseli mara mbili ili ndugu wawili wagawane, na walimu huwaonea huruma watoto hao. Kwa kweli penseli iliyokatwa nusu humfaa anayeanza kuliko nzima, kwa kuwa haina mkia mrefu wa kuyumba na haitoi nafasi ya kuishika kwa ngumi. Ikifupika hadi haifiki kwenye kitako cha kidole cha shahada, hapo itupwe, au ifungwe kwenye kijiti cha mwanzi kwa ukanda ule ule wa tyubu. Mtoto anayeandikia gotini huku amekaa sakafuni hatapata mshiko mzuri hata mkimfunga mipira mitano. Mtafutieni ubao wa kuweka magotini, hata kipande cha boksi gumu, miguu yake ikae imara, na mkono usioandika ushike daftari lisitembee. Tumeona watoto ambao kosa lao lote lilikuwa hapo.

Mtakapopangiwa shule za mazoezi msimu ujao, piteni sokoni kwa fundi baiskeli kabla ya kupanda gari la Ruangwa. Mwambieni mnachokitaka na kwa nini. Wa kwetu hakutaka hela. Alitukatia kanda kwa mkasi wake mwenyewe, kisha akatuuliza kama mtu wa umri wake naye aweza kufundishwa, kwa kuwa kila asainipo jina lake mkono humuuma. Tulimfungia penseli yake pale pale, akajaribu juu ya boksi la vipuri, nasi tukalikosa gari la saa nne.